Umelipia kipimo cha damu, dai na maelezo yake

Hapa Lubumbashi, ukimuuliza mtu anayetoka lopitali amekutwa na ugonjwa gani, jibu unalijua kabla hajafungua kinywa: "Malaria na tifoide." Awe mtoto wa Katuba au mzee wa Kampemba, uwe msimu wa mvua au wa kiangazi, jibu ni lile lile. Magonjwa hayo mawili yamekuwa kama mapacha: anayekutwa na moja huhesabiwa kuwa na la pili.

Mwombe akuonyeshe karatasi ya labo. Atakupa kipande kilichokunjwa mara nne, chenye herufi za Kifaransa na namba: GE ++, Widal TO 1/160, GB 7200, Hb 9.8, VS 45. Muulize maana yake, atakuambia, "Dokta ndiye anajua." Muulize dokta alisema nini, atakuambia, "Aliniandikia dawa."

Hoja yangu ni hii: mgonjwa wa mji huu analipia kipimo lakini anarudi nyumbani bila kile alichokilipia. Alilipa ili apate jibu la swali fulani kuhusu mwili wake. Kwa kuwa hakuambiwa swali lilikuwa lipi, hana njia ya kujua kama limejibiwa. Pesa za masomo ya watoto zinapotea hapo, antibiotiki zinachakaa hapo, na wengine wanakufa kwa ugonjwa ambao kipimo cha bei ndogo kingeuonyesha mapema.

Damu hujibu ilichoulizwa tu

Tuanze na kosa ambalo linasikika kila siku: "Walinitoa damu, hawakuona kitu, kwa hiyo mimi ni mzima." Labo haitafuti ugonjwa kwa jumla. Inatafuta kile tu kilichoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Ile chupa ndogo yenye kifuniko cha rangi ya zambarau ina dawa inayozuia damu isigande, na damu yake hutumika kuhesabu chembe. Ile yenye kifuniko chekundu huachwa damu igande, ili yapatikane maji yake ya juu, ambayo hupimwa mambo kama kazi ya figo na ini. Damu iliyohesabiwa chembe haijaulizwa lolote kuhusu figo. Damu iliyotafutwa malaria haijaulizwa lolote kuhusu sukari.

Basi tusome pamoja ile karatasi.

GE ni kifupi cha Kifaransa cha tone nene. Tone la damu linatandazwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na mtaalamu analitazama kwa hadubini akitafuta kijidudu cha malaria, yule yule ambaye daktari Mfaransa Laveran alimwona kwa mara ya kwanza huko Constantine, Algeria, mwaka 1880. Alama za jumlisha zinaonyesha wingi wa vijidudu. Ni kipimo kizuri kikifanywa na macho yasiyochoka na rangi isiyoharibika. Kuna pia kile cha haraka cha kuchoma kidole, kinachoitwa TDR. Hicho hakimtafuti kijidudu mwenyewe. Kinatafuta takataka anayoiacha katika damu. Ndiyo maana kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mtu aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita, akapimwa tena kwa TDR na kuambiwa malaria imerudi, ana haki ya kuomba tone nene lisomwe kabla ya kununua dawa nyingine.

Nchi yetu inabeba karibu asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani, na ni Nigeria pekee inayotupita. Kwa hiyo kutafuta malaria kwa kila mwenye homa ni sawa, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kwanza, kutibu baadaye. Lakini mtu mzima aliyekulia hapa anaweza kuwa na vijidudu vichache katika damu bila hivyo kuwa ndiyo sababu ya homa yake. GE yenye alama moja isimfanye daktari aache kutafuta.

GB ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Kwa kawaida ni kati ya 4000 na 10000 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikipanda, mara nyingi mwili unapigana na kitu. Aina mojawapo, inayoandikwa eozinofili, ikipanda hutuelekeza kwenye minyoo au mzio. Ila kumbuka kwamba mipaka hiyo iliwekwa zaidi kwa kupima Wazungu. Waafrika wengi wana chembe nyeupe chache kidogo kwa maumbile tu, na wataalamu wamelihusisha jambo hilo na tabia ile ile ya kurithi inayokinga chembe nyekundu dhidi ya aina mojawapo ya malaria. Mtu mwenye GB 3500, anayekula bukari yake vizuri na kwenda kazini, pengine hana ugonjwa wowote.

VS ni mwendo wa chembe nyekundu zikishuka katika mrija kwa saa moja. Namba ikiwa kubwa, inatuambia kuna moshi, lakini haituambii nyumba gani inaungua. Mimba inaipandisha, upungufu wa damu unaipandisha, hata umri. Anayeanzishiwa dawa kwa VS peke yake anatibiwa kwa kubahatisha.

Widal, kipimo kinachotugharimu

Sasa tufike kwenye TO 1/160. Hicho ndicho kipimo kinachoitwa Widal, kwa jina la daktari Fernand Widal aliyekitangaza Paris mwaka 1896. Labo inachukua maji ya damu ya mgonjwa, inayachanganya na vijidudu vya tifoide vilivyokwisha kuuawa, kisha inaangalia kama vinashikana. Vikishikana, maana yake damu ina kinga dhidi yavyo. Namba 1/80, 1/160, 1/320 zinaonyesha maji ya damu yalizimuliwa kiasi gani na kinga hiyo ikaonekana bado.

Shida ni kwamba kinga haina tarehe. Mtu aliyeugua tifoide miaka iliyopita anaweza kuwa nayo leo. Aliyechanjwa anaweza kuwa nayo. Aliyeambukizwa ndugu wengine wa kijidudu hicho anaweza kuwa nayo, na malaria yenyewe inaweza kuiamsha. Katika mji ambao familia nyingi zinachota maji ya visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka vyoo, watu wengi wazima wana kinga ya namna hiyo bila kuwa na tifoide siku waliyopimwa. Mchukue fundi, dereva na muuza makala wasio na homa, wapime wote Widal, na usishangae mmoja wao akitoka na namba ya kumpeleka kitandani kwenye serumu.

Vitabu vya udaktari vinasema wazi: ili Widal iwe na uzito, damu itolewe mara mbili, kwa tofauti ya siku saba hadi kumi hivi, na namba ya pili iwe imepanda angalau mara nne. Msomaji, jiulize ni lini uliambiwa urudi kwa Widal ya pili. Kwetu ya kwanza inatosha, na saa hiyo hiyo mgonjwa anapewa siprofloksasini au sindano za seftriaksoni.

Kipimo kinachoweza kuonyesha tifoide yenyewe kinaitwa hemokulturi. Damu inatolewa kabla ya antibiotiki, inawekwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, inatunzwa kwenye joto kama la mwili, na baada ya siku kadhaa kijidudu kinakua na kutajwa kwa jina. Faida yake nyingine ni kwamba labo inaweza kujaribu dawa mbalimbali na kuona ipi inakiua. Nacho hakikosi udhaifu: kinaweza kumkosa mgonjwa wa kweli, hasa aliyekwisha kumeza dawa za farmasi. Lakini kikisema ni tifoide, ni tifoide.

Sisemi kwamba tifoide haipo. Kati ya mwisho wa mwaka 2004 na mwanzo wa 2005, Kinshasa ilipatwa na mlipuko ulioandikisha wagonjwa zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 200, na mamia ya watu walipasuka utumbo. Ugonjwa huu unaua. Ndiyo sababu haifai jina lake litumike kwa kila homa. Mwenye tifoide ya kweli anahitaji antibiotiki ambayo bado inafanya kazi, na kila anayepewa bila sababu anampunguzia nafasi hiyo.

Jambo hilo limekwisha kuanza. Wataalamu wanaofuatilia hemokulturi katika nchi yetu, kwa mfano katika lopitali ya Saint-Luc ya Kisantu, Kongo-Central, wamekuta kwamba vijidudu vya jamii ya salmonela vinavyoingia katika damu ya watoto mara nyingi si vile vya tifoide hata kidogo. Mwaka 2019 ilitangazwa aina mojawapo ya hivyo kutoka Kongo ambayo imeshinda karibu dawa zote za kawaida, seftriaksoni ikiwemo. Dawa ambayo sisi tunachomwa kwa Widal ya 1/160 ndiyo ambayo mtoto huyo angeihitaji.

Namba ndogo zenye habari kubwa

Wakati tunalipia Widal mwaka baada ya mwaka, vipo vipimo vya kawaida vinavyoachwa, au vinavyofanywa bila mtu kuvisoma.

Cha kwanza ni Hb, rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Kwa mwanaume inatakiwa kufika 13, kwa mwanamke 12, kwa mama mjamzito 11. Sisi tunaoishi juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari tunatazamiwa kuwa nayo kidogo zaidi, kwa sababu hewa ya huku juu ni nyepesi. Kwa hiyo mama mwenye Hb 9.8 ana upungufu wa damu, hata kama anatembea na kufanya biashara yake sokoni. Kosa letu ni kulichukulia neno "anemi" kuwa ugonjwa, kisha kukimbilia chupa ya dawa ya kuongeza damu. Anemi ni dalili. Inaweza kuletwa na malaria, minyoo, kukosa chuma katika chakula, hedhi nyingi, kidonda cha tumbo kinachovuja polepole, au ugonjwa wa kurithi. Karatasi hiyo hiyo ina namba nyingine inayosaidia kutofautisha, iliyoandikwa VGM, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zikiwa ndogo, mara nyingi mwili umekosa chuma. Zikiwa kubwa kuliko kawaida, huenda umekosa vitamini fulani. Namba hiyo imekwisha kulipiwa, ila haisomwi.

Cha pili ni sukari. Ukiwa hujala tangu jana usiku, glisemi chini ya 100 ni nzuri. Ikifika 126 au kuzidi, katika siku mbili tofauti, huo ni ugonjwa wa sukari. Katikati ya namba hizo kuna onyo, na hapo ndipo mtu bado ana nafasi ya kujiokoa kwa kupunguza soda na bia, kutembea, na kupunguza uzito. Wengi wanagundua wakati kidonda cha mguu kimekataa kupona au macho yamefifia. Kuna pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, hemoglobini glike, ambacho kikifika asilimia 6.5 kinahesabiwa kuwa ugonjwa. Ila mwenye ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu asikitegemee, maana kwake kinaweza kudanganya.

Cha tatu ni kreatinini, inayohusu figo. Hii inahitaji uangalifu, kwa sababu inachelewa kusema. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zao kabla namba haijapanda waziwazi. Kwa hiyo mwenye tansioni au sukari asingoje kuvimba miguu. Apime kreatinini na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka, na alinganishe namba ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kusafisha damu kwa mashine ni gharama ambayo familia chache sana katika mji huu zinaweza kuibeba.

Emmel inayovunja ndoa

Kuna kipimo kingine ambacho nusu ya jibu lake imeleta machozi mengi. Makanisa mengi yanawaomba wachumba wapime damu kabla ya ndoa. Hilo ni jambo jema, hasa kwa sababu ya ule ugonjwa tunaouita anemi ya SS, ambao unageuza chembe nyekundu kuwa na umbo la mundu, zinaziba mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, uliopima watoto wachanga zaidi ya 31,000 Kinshasa, ulikuta karibu 17 katika kila 100 wamebeba nusu ya urithi huo, na zaidi ya mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe.

Katika labo nyingi kinachofanywa ni kipimo cha Emmel, kwa jina la Victor Emmel wa Marekani aliyekieleza mwaka 1917. Tone la damu linanyimwa hewa chini ya kioo. Kama lina urithi huo, chembe zinapinda. Jibu linaandikwa "positif", basi. Lakini Emmel haiwezi kutofautisha mwenye AS na mwenye SS. Mwenye AS amebeba nusu tu. Anaishi, anafanya kazi, anazeeka kama wengine, na pengine hatajua maisha yake yote. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Kinachowatofautisha ni kipimo kingine kinachoitwa elektroforezi.

Fikiria basi msichana anayepewa karatasi yenye neno moja, bila maelezo, mbele ya familia mbili. Kuanzia siku hiyo anaitwa mgonjwa, na mahari yanarudishwa, na huenda mchumba wake ni AA kabisa, hivyo wasingeweza kuzaa hata mtoto mmoja wa SS. Hatari inakuja wote wawili wakiwa AS: hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wachumba hao wanahitaji kukaa na mtu anayejua, waelezwe, kisha waamue wenyewe. Upande wa pili, Emmel inaweza kusema "négatif" kwa mtoto wa miezi michache ambaye ni SS, kwa sababu damu yake bado ni ya tumboni mwa mama, na inaweza kupotosha kwa aliyeongezewa damu karibuni. Mzazi akipewa jibu hilo bila tahadhari, anapoteza miaka.

Na tukiwa kwenye vipimo vya wachumba: cha virusi vya ukimwi ni hiari na siri ya mwenye damu. Sheria nambari 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki hizo. Jibu lisitolewe kwa mchungaji wala kwa wakwe kabla ya mwenyewe.

Swali ambalo halijaulizwa

Lubumbashi ilizaliwa na shaba. Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha madini kilianza kazi hapa, na leo viwanda, magari ya madini na vumbi vyake viko pande zote. Kijana anayeajiriwa katika kampuni ya madini anapimwa damu, anaambiwa "apte", anafurahi. Mama aliye jirani na kiwanda anapima NFS, anaambiwa kila kitu ni kawaida. Wote wawili wanaweza kudhani vumbi halijawagusa.

Lakini hesabu ya chembe haioni kobalti, wala risasi, wala arseniki, mpaka pengine madhara yawe makubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti uliopima mikojo ya watu wa Katanga. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi mno. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo hivyo viwili walitoa utafiti mwingine, huu wa Lubumbashi yenyewe, uliokuta kwamba baba anayefanya kazi ya madini ana hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye kasoro za maumbile. Vipimo vya namna hiyo havimo katika vile vya kila siku. Kwa hiyo "damu yako ni safi" kwa mchimbaji ina maana finyu sana: ni safi kwa yale yaliyoulizwa. Kama kampuni inachuma kutoka ardhi hii, na iulize damu na mkojo wa wafanyakazi wake maswali yanayohusu ardhi hii, na iwape majibu mikononi.

Madaktari wanasema nini

Najua majibu ya wenzetu wa mavazi meupe, na mengine ni ya haki. Daktari anaona wagonjwa wengi mno kwa siku, mshahara unachelewa. Labo inakatikiwa umeme, na friji ya dawa za kupimia haivumilii hilo. Hemokulturi ni ghali na inahitaji vifaa; Widal ni rahisi na matokeo yanatoka saa hiyo hiyo. Wagonjwa nao wanashinikiza: daktari asiyeandika vipimo vitano anaonekana hajui kazi, na asiyeandika dawa nyingi anaitwa bahili. Na kuna wanaokwenda labo moja kwa moja bila daktari, kama mtu anayenunua mkate.

Yote hayo ni kweli. Lakini kumwambia mgonjwa "nimeagiza kipimo hiki kwa sababu hii" hakuhitaji umeme wa SNEL. Kumwambia "Widal hii peke yake hainithibitishii" hakuhitaji friji. Na kuna jambo moja ambalo haliwezi kutetewa: kituo ambacho kinaandikia kila mgonjwa furushi lile lile la vipimo, kwa sababu labo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Kipimo kisichoweza kubadilisha matibabu ni ushuru juu ya ugonjwa.

Kwa hiyo ninapendekeza yafuatayo.

Labo ziandike kando ya kila namba kipimo chake na mipaka ya kawaida kwa umri na jinsia ya mgonjwa, kwa maandishi yanayosomeka. Kando ya Emmel kuandikwe kwamba haitofautishi AS na SS. Kando ya Widal kuandikwe kwamba kipimo kimoja si uthibitisho. Ni mistari miwili ya wino.

Divizyo ya afya ya jimbo izikague labo za vichochoroni kama inavyokagua farmasi, na itafute njia ya hemokulturi na elektroforezi kufikika kwa mtu wa kawaida, hata kama ni katika lopitali mbili au tatu kubwa za mji ambazo vituo vingine vitazitumia. Sampuli inaweza kusafiri kwa pikipiki.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ISTM, wanaotutolea madaktari na wataalamu wa labo, wawafundishe wanafunzi kueleza majibu kwa Kiswahili cha mama wa Ruashi. Kujua kusoma namba na kushindwa kuieleza ni nusu ya elimu.

Na wewe msomaji, usigeuke daktari kwa sababu umesoma makala hii. Usiache dawa uliyoandikiwa, na mtoto mwenye homa kali mpeleke leo, usingoje kuelewa karatasi. Lakini ukiwa umekaa mbele ya daktari, kwa heshima, uliza maswali matatu: "Dokta, kipimo hiki kinatafuta nini? Jibu lake litabadilisha dawa namna gani? Namba yangu ni ngapi, na kawaida ni ngapi?" Ukishajibiwa, piga picha ya karatasi kwa simu, au uibandike katika daftari moja la familia pamoja na kundi la damu la kila mmoja. Namba ya leo ikikaa pembeni ya ile ya mwaka jana inasema mambo ambayo peke yake isingeyasema, na daktari mzuri atafurahi kuiona.

Damu ni yako, pesa ni zako, na jibu pia ni lako. Lidai kabla hujaenda farmasi.